Karafuu Amekataa Sanduku Lake

S.L.P. 211,
Homa Bay.
9 Machi 1998.

Mpendwa mwanangu Yakub,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Maskati? Kile kikohozi ulichoniandikia Novemba kimekwisha, au bado kinakuamsha alfajiri? Unapata uji wa pilipili manga, au ni chai za mkahawani tu asubuhi mpaka jioni? Mimi shangazi yako sijambo, alhamdulillah, ila magoti, na hayo umeyazoea. Baba yako ni mzima. Sukari yake imeshuka kidogo, maana kashata nimezificha mahali asipopajua. Dada yako Aliya hajambo kule Migori; mtoto wake ameota meno mawili ya chini na anauma kila kinachomkaribia.

Barua yako ya Idd imenifikia juzi. Usidhani nilinyamaza. Hizi mvua za Elinino zilikata barabara mara mbili, nguzo za simu zikalala chini, na mifuko ya barua ikakaa huko ilikokaa. Siku ya Idd nilishinda kwa jirani mwenye simu, nimevaa ile leso uliyonitumia, nikiambiwa kila nikiuliza kwamba laini imekufa. Jioni nikarudi nyumbani, nikaivua, nikaikunja. Sijaivaa tena.

Sasa mvua zimepungua. Ziwa limepanda, na magugu maji yameziba gati kiasi kwamba ukisimama mlangoni pa duka unadhani mtu amelima sukuma wiki mpaka upande wa pili. Mashua za kutoka Mbita zinahangaika nusu siku kutafuta pa kupenya.

Watu wanakuulizia. Wale mafundi wa Rangwe wakija hawasemi wanataka misumari, wanauliza kwanza yule kijana wa misumari yuko wapi. Nawaambia yuko safarini. Miaka miwili nawaambia yuko safarini. Mimi mwenyewe bado napima mchele wa watu watatu. Kila siku najiambia kesho nitapunguza, na kesho mkono unapima vilevile. Kinachobaki anakula Karafuu.

Na huyo Karafuu ndiye aliyenifanya nitafute karatasi ndefu. Ulimuulizia mstari mmoja tu, chini kabisa, baada ya salamu zote, kama mtu anayeona haya kumkumbuka mbwa. Usione haya. Nina mengi ya kukuambia juu yake, na mengine si ya mbwa peke yake. Kaa chini usome polepole.

Tangu uondoke, aliyemtunza ni Nchagwa mlinzi. Baba yako, unamjua: alikubali mbwa akae uani kwa sababu ya wale wezi waliotoboa ukuta, lakini kumgusa hakumgusa, na hata jina hakumwita. Alisema tu "huyo". Huyo amekula? Huyo mbona anabweka? Basi Nchagwa alikuwa akimpa chakula jioni, anapiga mluzi mmoja, na Karafuu anaingia mwenyewe katika lile sanduku kubwa la mbao lililokuja na mashine ya kusagia, anazunguka mara mbili, analala. Mlango ulikuwa wazi siku zote. Akisikia hatua asizozijua anabweka kutoka humo humo. Miaka mitano, yako na ya Nchagwa, hakutusumbua.

Desemba ukuta wa uani ukaanguka kwa mvua, upande wote wa nyuma. Kabla hatujaujenga, Nchagwa akaletewa habari kwamba nyumba ya mama yake kule Kehancha imebomoka pia, akaomba ruhusa akaenda. Na katikati ya Ramadhani mbwa mwenye kichaa akauma watoto watatu karibu na stendi. Barazani ikatolewa amri: kila mbwa afungiwe ndani kuanzia magharibi mpaka asubuhi. Atakayekutwa nje, baada ya chanjo kupita, atapigwa risasi.

Sisi hatuna ukuta, hatuna Nchagwa. Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilijua sanduku lipo, na Karafuu analipenda. Kilichobaki ni kumfungia mlango tu.

Basi asubuhi ya pili baada ya ile amri nikamkuta amelala nje, mbele ya duka, chini ya mkokoteni wa mizigo, ameloa mpaka mfupani. Jioni nikamwita kwenye sanduku kwa chakula. Alifika hatua kama ishirini akasimama. Masikio yamelala, mkia ameubana. Nikasogeza sahani karibu naye, akaila kwa pupa na macho hayatoki kwenye ule mlango. Nikajaribu kumvuta kwa ukosi. Yakub, Karafuu yule aliyekuwa akikulalia miguuni alininguruma mimi. Nilimwachia.

Siku ya tatu nikamfunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya stoo. Aliitafuna. Siku ya nne nikaifunga upya, akalia mpaka watu wa msikitini wakalalamika. Bonareri, jirani yetu mpya anayekaanga mgongo wazi pale kibandani (ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani wakishatoa minofu), akaanza kuwazuia watoto wake wasipite upande wetu. Hakunificha. Alisema kule kwao Kisii mbwa akikataa pa kulala, ameanza kichaa. Sikumkasirikia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kulifikiria hilo.

Nikataka tumrudishe Rongo kwa mzee Bichage, yule wa sukari nguru aliyekupa Karafuu akiwa bado mdogo. Gari hazikuwa zinapita. Nikamwambia baba yako, tufanye nini? Aliondoka akaenda kupima misumari. Kesho yake nikamuuliza tena, akaenda kupima misumari tena. Nikasema moyoni, huyu ndugu yangu anataka mbwa afe aondokewe na najisi. Niliwaza hivyo, na Mungu anisamehe.

Idd ikapita. Ndipo akaja bwana Nashon wa mifugo na sanduku lake la sindano, anapita nyumba kwa nyumba. Ni mtu mpole, Mjaluo wa Ndhiwa, anazungumza na mnyama kwanza kisha na mwenye mnyama. Alimkalisha Karafuu kwa kipande cha ugali. Akamtazama mdomo, akambonyeza nyonga, akamwekea maji, akangoja mpaka akayanywa yote. Kisha akamdunga sindano, akamfunga utepe mwekundu shingoni kuonyesha amechanjwa.

"Hii mbwa haina kichaa, Mama," akaniambia. "Iko na woga tu. Kuna kitu ilitokea kwa hii sanduku?"

Nikasema hakuna. Nikaeleza kwamba tuliliinua tu juu ya matofali kwa sababu ya maji, na hapo hapo nikamsikia baba yako nyuma yangu. Alikuwa ametoka dukani na ile mizani ndogo bado iko mkononi.

"Dada, ni mimi," akasema.

Akamweleza Nashon, si mimi, lakini nilikuwepo. Jioni ile ya kwanza ya amri alitaka kumfungia Karafuu kabla ya kwenda tarawehe. Hajawahi kumshika, basi alimsukuma ndani kwa mti wa ufagio, akafunga mlango, akapachika komeo. Mvua ilikuwa kubwa. Chini ya matofali udongo ulikuwa tope. Alipokuwa msikitini sanduku liliteleza, likaanguka kwa upande, mlango ukaangalia chini kwenye maji. Aliporudi alimsikia analia. Akadhani ni ukaidi, akaenda kulala. Alfajiri alipotoka kutia udhu ndipo alipoona, akaliinua sanduku peke yake, na mbwa akapita katikati ya miguu yake akakimbia. Akalirudisha juu ya matofali kama lilivyokuwa. Hakumwambia mtu.

Mwanangu, nimekaa na baba yako tangu mume wangu afariki, na kabla ya hapo tulitoka tumbo moja. Sikuwahi kumsikia akikiri kosa mbele ya mgeni. Nashon naye hakumlaumu. Alitikisa kichwa tu, akauliza mbwa huyu anamwogopa nani zaidi hapa nyumbani. Baba yako akasema anamwogopa yeye.

"Basi ni wewe utaitoa woga, Mzee. Mimi naweza kuiingiza hapa saa hii, lakini nikienda itatoka."

Akatupa masharti. Matofali yaondoke, sanduku likae juu ya saruji chini ya paa la stoo, lisitikisike hata ukilipiga teke. Mlango ung'olewe. Mbwa asisukumwe, asivutwe, asifokewe. Chakula chake chote kitoke upande wa sanduku, leo hatua ishirini, kesho kumi na nane, na siku atakayokataa turudi nyuma bila kumgombeza. Mlango utarudi mwisho kabisa, na mara ya kwanza ufungwe kwa muda wa kumeza mate tu, tena yeye akiwa anatafuna kitu. Akatuambia msako utakuwa kabla ya mwisho wa Februari. Tulikuwa na wiki tatu.

Kuanzia siku ile, kila baada ya alasiri, baba yako alimwachia mtu wa duka mizani, akapindua debe, akalikalia kando ya lile sanduku. Amevaa kanzu yake kuukuu, ile ya kupakia rangi. Siku ya kwanza Karafuu alikaa nyuma ya mkokoteni akimtazama. Walitazamana mpaka magharibi. Baba yako akaacha sahani pale, akajiosha mikono mara saba, mara moja kwa udongo, akaenda kuswali. Siku ya pili vivyo hivyo.

Siku ya tatu nilikuwa jikoni nachambua mchele nikasikia sauti. Mluzi hapigi, anasema si adabu, kwa hiyo aliita. "Karafuu." Akasubiri. "Karafuu." Aliita kama mtu anayemwita mteja aliyesahau mzigo wake. Nikaacha mchele. Miaka mitano yule mbwa yuko uani petu, na ndiyo siku niliyojua kwamba jina lake analijua.

Bonareri akaacha kuogopa. Akawa analeta mgongo wazi uliovunjika, ule asioweza kuuza, na jioni anasimama pale na mwiko wake kutazama. Akaniambia hajawahi kuona mzee akimbembeleza mbwa kama mkwe.

Siku ya tisa Karafuu alikula mlangoni pa sanduku. Tulifurahi mapema mno. Saa ile ile lori likashusha mabati mbele ya duka, yakaanguka kwa kishindo, na mbwa akatoweka mpaka asubuhi. Nilitarajia baba yako atakasirika. Alisimama, akachukua sahani, akairudisha hatua kumi na tano nyuma, akakaa tena juu ya debe.

Siku ya kumi na sita akaingiza miguu ya mbele. Siku ya kumi na tisa akaingia mzima, akazunguka mara mbili, akalala juu ya lile gunia lake la zamani. Baba yako hakugeuza hata shingo. Nilimwona tu anasogeza midomo, sijui ni dhikri au ni nini.

Lakini mlango ulikuwa bado umeegemezwa ukutani. Na siku ya ishirini na mbili, Jumatano, watu wa msako wakaja.

Walikuja jua likizama, askari wawili na mwenye bunduki. Tulisikia mlio upande wa sokoni, halafu mwingine karibu zaidi. Karafuu alikuwa ndani ya sanduku anatetemeka mpaka mbao zinagonga. Nikamwambia baba yako, Zubair, mfungie. Chukua mlango ulete, mfungie. Alisogeza lile debe mpaka mbele ya sanduku, akakaa kuuziba uwazi kwa mgongo wake, magoti yametazama nje.

Wakapita palipokuwa na ukuta. Mmoja akamulika tochi, akauona utepe mwekundu, akasema mbwa amechanjwa sawa, lakini amri ni kufungiwa, na hapa hakuna mlango wala ukuta. Sauti haikuwa mbaya. Alikuwa mtu amechoka.

Baba yako akamjibu kwa upole: "Nikimfungia usiku huu, hatalala humu tena maisha yake. Andika kwamba amefungiwa, na aliyemfungia ni mimi nimekaa hapa."

Wakashauriana kidogo. Yule mwenye bunduki akasema mzee huyu ndiye aliyewapimia misumari ya paa la kituo na hakuwapunja. Wakaandika kitu, wakaenda zao.

Hakuinuka. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, swala ya magharibi ya jamaa ilimpita. Nikampelekea chai. Karafuu alikuwa ameacha kutetemeka, pua yake imegusa kanzu ya baba yako kwa nyuma, naye anajua na hajasogea.

Sasa nifike penye uzito, Yakub.

Nilikaa pale kwenye kizingiti cha stoo nikaona siwezi kuendelea kunyamaza. Wewe na mimi tunajua pasipoti yako ilitokaje kwenye kabati la dukani. Tunajua kwamba baba yako aliifungia humo kwa sababu hakutaka uende, na kwamba mimi nilichukua ufunguo alipokuwa msikitini, nikakupa, ukapanda gari la alfajiri bila kumuaga. Miaka miwili nimekula naye sahani moja na jambo hilo liko kooni. Nikamwambia. Nikasema, kama wewe umekiri ya mbwa, basi na mimi nikiri ya mtoto.

Akakoroga chai yake.

"Dada," akasema, "ule ufunguo unakaa mfukoni mwangu miaka ishirini. Uliwahi kuukuta juu ya meza siku nyingine yoyote?"

Nikafikiri. Sikuwahi.

"Niliuacha," akasema. "Kumpa kwa mkono wangu nilishindwa. Kumzuia nilishindwa vilevile. Nikasema atakayeuchukua auchukue. Nikakaa msikitini mpaka nikajua gari limeshatoka."

Nilimwambia chai inapoa. Nikaingia ndani, na yaliyonipata huko ndani ni yangu mwenyewe.

Nimelibeba neno hilo siku kumi na mbili sasa, nikijiuliza kama ni haki yangu kulituma. Hakunituma, wala hakunikataza. Nimeamua ni lako.

Kuhusu mlango: ulirudi Jumamosi iliyofuata. Siku ya kwanza ulifungwa muda wa kumeza mate, kama alivyosema Nashon. Sasa unafungwa magharibi na kufunguliwa alfajiri, na Karafuu halii. Nchagwa amerudi kutoka Kehancha. Alipiga mluzi wake ule wa zamani, mbwa akamtazama, akatikisa mkia, kisha akageuka kumtafuta baba yako. Nchagwa alicheka mpaka akajifuta macho. Ukuta tutaujenga mvua zikikatika kabisa.

Aliya na mumewe Mohammad wanakusalimu. Nchagwa anakusalimu na anasema umtumie kofia. Mzee Bichage alipita wiki jana, barabara imefunguka, akaacha sukari nguru ambayo nimeificha pamoja na kashata. Bonareri hamjuani, lakini ameniagiza nikusalimu hivyo hivyo, maana anasema amelisikia jina lako mara nyingi kuliko la mumewe.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeinua kalamu nitie sahihi, baba yako akaingia na mikono bado inadondosha maji. Akauliza naandika kwa nani. Nikamwambia. Akasimama. Nikamuuliza kama ana salamu, kama nilivyomuuliza kila mara miaka hii miwili, na kila mara akasema, "Andika yako." Leo aliitazama karatasi kwa muda, akajifuta mikono kwenye kanzu.

"Mwulize kama huko analala vizuri," akasema, akatoka.

Basi nimekuuliza. Hilo usinijibu mimi, mwanangu. Liandike kwa jina lake, liwe hata mstari mmoja, nami nitampelekea dukani bahasha ikiwa bado imefungwa.

Mwenyezi Mungu akulinde ukilala na ukiamka, akupe riziki isiyokutoa machozi, na akulete kwetu magoti yangu yakiwa bado yanaweza kufika stendi kukupokea.

Wako akupendaye na kukungoja,
Shangazi yako Kultum.